Barabara ya Dempster na Wasimulizi Wake

Msomaji, hakuna maandishi yapendwayo upesi na vijana kuliko habari za safari. Msafiri huona kwa macho yake, na msomaji huona kwa macho ya msafiri; nauli yake ni kufunua kurasa tu. Lakini urahisi huo una hatari yake. Mtu akikusimulia habari za nchi usiyoijua, huwezi kumsahihisha kwa ujuzi wako. Huna budi kumpima kwa maneno yake mwenyewe. Kupima huko ndiko kuitwako uhakiki, nami nataka tuifanye kazi hiyo pamoja juu ya habari za namna moja: zile ziandikwazo na wapanda pikipiki waliopita barabara ya changarawe iitwayo Dempster, katika kaskazini ya mbali ya Kanada.

Yafaa kwanza uijue barabara yenyewe. Huanza karibu na mji wa Dawson City, katika nchi ya Yukon, ikapanda na kushuka milima, ikauvuka mstari wa Aktiki, na kufika mji wa Inuvik baada ya kilomita 740 hivi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1959, wakati serikali ya Kanada ilipotumaini kupata mafuta na gesi kaskazini, nayo ilifunguliwa rasmi mwaka 1979. Tangu mwaka 2017 barabara nyingine ya changarawe, yenye urefu wa kilomita 140 hivi, imeuunganisha mji wa Inuvik na kijiji cha Tuktoyaktuk kilichoko pwani ya Bahari ya Aktiki. Mpanda pikipiki atokaye kusini hujaza petroli mwanzo wa njia, kisha husafiri zaidi ya kilomita 360 kabla ya kufika Eagle Plains, mahali penye petroli tena, chakula na vitanda. Mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, haina madaraja katika njia hiyo. Wakati wa kiangazi watu huvushwa kwa feri. Wakati wa baridi kali magari hupita juu ya barafu. Na katika majuma ambayo barafu yavunjika au ndiyo kwanza yaganda, magari hukaa ng'ambo hii na ng'ambo ile yakingoja.

Barabara ya namna hii huzaa wasimulizi wengi. Ukizisoma habari zao utaona upesi kwamba zafanana kama ndugu. Kwanza kuna kufunga mizigo na kuchagua matairi, kisha vumbi, kisha mvua na tope, kisha picha kando ya kibao cha mstari wa Aktiki, kisha feri, na mwisho bahari, ambayo msafiri huchovya miguu yake ndani yake hata kama maji yauma kwa baridi. Mfanano huu si kosa. Njia ni moja, na hata wimbo mzuri hufuata mizani iliyokwisha wekwa na wengine. Lililo muhimu ni kujua kila mmoja ameona nini ndani ya mpango huo.

Tuanze na sifa, kwa kuwa mhakiki aanzaye na makosa huonekana kama mtu mwenye kisasi. Walio hodari miongoni mwa wasimulizi hawa huandika vizuri sana juu ya kazi ya mikono na mwili. Hukueleza kwamba changarawe iliyolegea huviringika chini ya gurudumu kama kunde zilizomwagwa sakafuni. Kwamba mpandaji aukazaye usukani kwa hofu huiongeza hatari, na yule aushikaye kwa wepesi huiacha pikipiki itikisike kidogo ikajisawazisha yenyewe. Kwamba akisimama juu ya vikanyagio, magoti yake huyapokea mashimo kabla hayajafika mgongoni. Kwamba breki ya mbele ikikamatwa ghafula juu ya mawe, gurudumu huteleza na mtu huanguka. Hukueleza pia juu ya chumvi iitwayo kalsiamu kloraidi, ambayo hutiwa barabarani ili kulituliza vumbi, na jinsi mvua inyeshapo chumvi hiyo na udongo hugeuka tope lenye utelezi wa sabuni. Maneno ya namna hii yana thamani, kwa sababu mwandishi amejifunza kitu naye anakufundisha.

Linganisha sentensi mbili ambazo nimezitunga kwa mfano. Ya kwanza yasema: "Barabara ilikuwa ya kutisha mno, ya hatari isiyosemeka, nami nilipambana nayo kama simba." Ya pili yasema: "Lori lilipotupita, vumbi lilinifunga macho, nilipunguza mwendo bila kugusa breki ya mbele, nikasikiliza mawe yakigonga chuma chini ya miguu yangu mpaka nilipouona tena ukingo wa njia." Katika ile ya kwanza kuna kelele nyingi, wala hujaona kitu. Katika ile ya pili hakuna hata neno moja la hofu, nawe unaogopa. Ukijua kuzitenganisha sentensi hizi mbili, umekwisha pata nusu ya uhakiki wa habari za safari.

Hata hivyo sifa hiyo ina mwisho wake. Msimulizi aweza kuijua changarawe kwa mikono yake asijue kwa nini iko pale. Wengi huiita Dempster barabara mbovu, kana kwamba wahandisi walichoka, au fedha za lami ziliwaishia. Sababu ni nyingine. Chini ya sehemu kubwa ya njia ile kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima. Ardhi hiyo ikipata joto huyeyuka, na ikiyeyuka hulegea, na kila kilichojengwa juu yake hudidimia nayo. Kwa hiyo wajenzi walijizuia kuifukua. Waliifunika kwa tuta la changarawe na mawe, lenye kimo cha zaidi ya mita moja, na mahali pengine mita mbili na zaidi, ili baridi ibaki chini ilikokuwa. Changarawe ile ni blanketi. Na kwa kuwa kaskazini ya mbali yazidi kupata joto upesi kuliko sehemu nyingi za dunia, kazi ya kuitunza barabara hiyo yazidi kuwa ngumu kila mwaka.

Tazama basi neno moja liwezavyo kuibadili safari nzima. Msimulizi asemaye "mbovu" amekupa hasira yake. Asemaye "blanketi" amekupa akili ya barabara. Na mpandaji ambaye hapo kwanza alikuwa akipigana na adui, sasa wamwona apita juu ya kazi ya watu waliofikiri.

Watu hao ndio watufikishao kwenye kosa kubwa zaidi la maandishi haya, nalo ni kosa la kunyamaza. Msimulizi hupenda kusema kwamba yu peke yake: yeye, chombo chake na upeo wa mbingu. Hebu tumhesabie watu wake. Yuko dereva wa greda, ile mashine ya kusawazisha njia, aliyepita asubuhi akayasambaza mawe ili mgeni asivunje shingo. Wako mabaharia wa feri, wavushao watu mtoni tangu barafu ivunjikapo hata itakapoganda tena. Yuko dereva wa lori apelekaye unga na sukari Inuvik, ambaye njia hii ni kazi yake ya kila juma, na ambaye msimulizi humkumbuka kwa sababu ya vumbi lake tu. Yuko mpishi wa Eagle Plains. Na siku pikipiki ilalapo mtaroni na mwenyewe chini yake, yuko mpita njia asimamaye na kuiinua.

Katika kurasa nyingi watu hao, kama wamo, hawana majina wala maneno. Huonekana kama nguzo za simu zinavyoonekana dirishani mwa gari moshi. Pikipiki yenyewe ina jina, ina ukoo, ina umri, na maradhi yake yote hutajwa moja moja. Msomaji, kitabu ambacho ndani yake chuma kina tabia na watu hawana, kina kasoro hata kikiwa kitamu.

Kasoro hiyo haikuanza na pikipiki. Imo ndani ya jina la barabara. Dempster alikuwa polisi, na habari iliyolipa jina lake umaarufu ni hii. Tarehe 21 Desemba 1910, wanaume wanne wa kikosi cha polisi, wakiongozwa na Inspekta Francis Fitzgerald, waliondoka Fort McPherson kwenda Dawson City. Walisafiri na mbwa wavutao vigari visivyo na magurudumu, vitelezavyo juu ya theluji. Walichukua chakula kidogo kuliko desturi ili wapate kwenda mbio. Njiani Mgwich'in mmoja, Esau George, aliwaongoza kwa siku chache, kisha wakamlipa wakaachana naye. Mwenzao waliyemtegemea kuijua njia hakukiona kijito walichopaswa kukifuata. Walikitafuta siku nyingi, wakageuka nyuma, wakala mbwa wao, na mwisho wakafa wote wanne, wakiwa wamekaribia kule walikotoka. Koplo Dempster alitumwa kutoka Dawson kuwatafuta, akaikuta miili yao mwezi wa Machi 1911. Katika kundi lake alikuwamo mwongozaji, Mgwich'in aitwaye Charlie Stewart. Miaka mingi baadaye barabara ilipewa jina la yule koplo.

Wasimulizi wengi hukitia kisa hiki katika habari zao kama kitoweo: baridi, ushujaa, kifo, wakiisha kukisema, huwasha pikipiki wakaenda zao. Lakini kisa hiki kina swali ambalo baridi peke yake haiwezi kulijibu. Wagwich'in waliipita nchi ile ile, katika baridi ile ile, kwa vizazi vingi, na sehemu ya njia ya barabara yenyewe hufuata mapito ya kale. Askari wale hawakukosa ushujaa. Walichokosa ni mtu ajuaye njia, na mtu huyo walikuwa naye, wakamwacha. Wazee wetu husema kuuliza si ujinga. Huko juu ya theluji kutouliza kulikuwa kifo. Basi msimulizi amtajaye Dempster bila kumtaja Stewart amelirudia kosa la Fitzgerald katika karatasi: naye pia amemwacha mwongozaji njiani.

Pengine utauliza, kuna madhara gani mwandishi akiwasahau watu wachache? Madhara yapo, na si madogo. Neno lipendwalo kuliko yote katika habari hizi ni "tupu": nchi tupu, bonde tupu, kaskazini tupu. Lakini Wagwich'in wana vijiji vyao kando ya njia ile ile, Fort McPherson na Tsiigehtchic. Huvua samaki katika mito ambayo mgeni huvushwa kwa feri. Huwinda caribou, wanyama wa jamii ya kulungu, ambao kundi lao moja liitwalo Porcupine lina wanyama zaidi ya laki moja, na ambao huikata barabara hiyo katika kuhama kwao. Na huko mwisho wa njia, pwani, wanaishi Wainuvialuit. Nchi ikiisha kuitwa tupu, yule aitakaye huona hana mtu wa kumwomba ruhusa.

Jambo hili lilijaribiwa hadharani. Katika miaka ya 1970 makampuni yalitaka kupitisha bomba la gesi katika bonde la mto Mackenzie, na serikali ya Kanada ikamteua Jaji Thomas Berger alichunguze shauri hilo. Jaji huyo hakuridhika na kuwasikiliza mawakili na wataalamu mjini. Alizizuru jumuiya 35 za kaskazini, akakaa na kuwasikiliza wavuvi, wawindaji, akina mama na wazee, wengi wao wakisema kwa lugha zao. Taarifa yake ya mwaka 1977 ilishauri kwamba bomba lisipite kabisa kaskazini ya Yukon, na kwamba katika bonde la Mackenzie kazi ingoje miaka 10, ili madai ya wenyeji juu ya ardhi yao yatengenezwe kwanza. Aliiita taarifa hiyo Northern Frontier, Northern Homeland. Maana ya jina hilo ni kwamba nchi ambayo mgeni huiita mpaka wa mbali, mwenyeji huiita nyumbani. Hakuna shule ya uhakiki iwezayo kukufundisha kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Wala neno hilo la mpaka si geni kwetu. Wakati wa ukoloni kaskazini ya Kenya iliitwa Northern Frontier District, na herufi zake tatu, N.F.D., zingali zakumbukwa na wazee. Wasafiri walioshika njia ya Isiolo, Marsabit na Moyale kabla lami haijakamilika katika miaka ya 2010, walirudi nao na habari za vumbi, mawe na upweke. Ikiwa wewe mwenyewe watoka Marsabit, wajua kwamba si mwisho wa nchi yoyote; ndipo unapoanzia kuhesabu njia zako. Wajua kwamba kila kisima kina wenyewe, na kila njia ya ngamia ina aliyeionyesha. Basi zisome habari za nchi ya Wagwich'in kama upendavyo habari za nchi yako zisomwe.

Haki yataka tuusikilize na utetezi. Mpanda pikipiki ana siku chache tu, na macho yake lazima yawe juu ya mawe; akitazama pembeni kwa muda mrefu, huanguka. Ndani ya kofia yake ya chuma hasikii ila upepo na mashine. Asemapo kwamba alijiona peke yake, hasemi uongo. Asema ukweli wa mwili wake, na ukweli huo una mahali pake katika fasihi. Wala haimpasi kuandika kitabu cha historia kila ajazapo petroli. Yote hayo nayakubali. Lakini kujiona peke yako ni jambo moja, na kutangaza kwamba hapana watu ni jambo jingine. La kwanza ni habari ya moyo wako. La pili ni habari ya nchi ya wenyewe, na habari ya nchi ya wenyewe yahitaji ushahidi.

Na kwamba mpanda pikipiki aweza kufanya vizuri zaidi, tunaye shahidi. Ted Simon, mwandishi kutoka Uingereza, aliondoka London mwaka 1973 juu ya pikipiki aina ya Triumph, akaizunguka dunia kwa miaka minne, akiipita Afrika kutoka kaskazini hata kusini. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka mwaka 1979, mwaka ule ule ilipofunguliwa Dempster. Si kitabu cha nchi za barafu, wala si kitabu kisicho na dosari. Mwenyewe hujitazama mno mahali pengine. Lakini kina jambo ambalo wasimulizi wengi wa kaskazini hawajalishika: hupata uhai pale pikipiki inaposimama. Chombo kikiharibika, mtu hutafuta msaada. Akitafuta msaada, huongea. Akiongea, mwenyeji huingia katika ukurasa akiwa na uso na sauti. Wengine huandika ajali zao ili tuwahurumie. Yeye aghalabu huziandika ili tukutane na watu waliomsaidia.

Basi, msomaji, habari ya safari ikikufikia mkononi, usiulize kwanza msafiri alikwenda mbali kiasi gani, wala mashine yake ilikuwa na nguvu gani. Uliza kama amekuonyesha kitu, au amekupa mshangao wake mtupu. Uliza kama ajua kwa nini njia iko kama ilivyo. Uliza ni nani aliyepewa jina na ni nani aliyenyimwa. Habari iwezayo kuyajibu maswali hayo ni nzuri, hata kama msafiri wake hakufika baharini. Na ishindwayo kuyajibu, hata kama ilifika mwisho wa dunia, haijatoka nyumbani kwa mwandishi wake.

Nawe siku moja utaambiwa uandike insha juu ya safari yako, pengine ya saa moja tu juu ya pikipiki ya kukodi katika njia ya mawe. Yaandike mawe. Yaandike magoti na vumbi. Kisha mwandike na dereva aliyekubeba, lipi alisema alipopunguza mwendo kwenye kona, na ni nani aliyemfundisha kwamba kona ile huteleza baada ya mvua.